Robo ya Milimita Inayomchosha Mwigaji

Nimekaa miaka kadhaa kwenye mashine nyembamba za kuchapa lebo, na swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote ni kama kweli ile stika inayometameta ya hologramu inazuia kughushi. Jibu langu halijabadilika: mng'ao peke yake hauzuii kitu. Foili, yaani utando mwembamba unaong'aa, yenye rangi za upinde wa mvua na isiyo na picha maalumu, huuzwa kwa roli kwa yeyote mwenye fedha za kuinunua, na anayetaka kughushi analijua hilo vizuri kuliko mnunuzi wa bidhaa. Ulinzi hutokana na mambo mawili yakikutana: picha ambayo mtu mwingine hawezi kuipata, na picha hiyo kukaa mahali pake hasa juu ya lebo, tena juu ya kila lebo, maelfu kwa maelfu, bila kuhama. La kwanza ni kazi ya wataalamu wa leza. La pili ni kazi yetu sisi wa mashine.

Picha ya hologramu haichapwi kwa wino. Ni mifereji midogo mno, karibu 1,000 katika kila milimita, ambayo kina chake hakifiki nusu ya mikromita (mikromita ni elfu moja ya milimita), ilhali unywele wa mtu una unene wa mikromita 70 hivi. Mwanga ukiipiga mifereji hiyo hutawanyika, na kila rangi huelekea upande wake kulingana na urefu wa wimbi lake. Ndiyo maana ukiinamisha lebo kidogo tu, kijani hugeuka nyekundu na umbo lililokuwa limejificha hujitokeza. Mashine ya fotokopi huitazama lebo kwa pembe moja, kwa hiyo mahali penye picha hutoa doa la kijivu au jeusi. Kanuni yenyewe iligunduliwa na mwanafizikia Dennis Gabor mwaka 1947, naye akapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1971, lakini haikupata nguvu mpaka leza ilipotengenezwa mwaka 1960. Hologramu inayoonekana kwa mwanga wa kawaida, ambayo ndiyo mama wa hizi zetu za kwenye lebo, ilitokana na kazi ya Stephen Benton mwishoni mwa miaka hiyo ya 1960.

Ili kuipata picha ya asili, bamba la kioo hupakwa kemikali inayobadilika ikiguswa na mwanga, kisha miali ya leza inayokutana juu yake huchora mistari ya mwanga na kivuli. Bamba likisafishwa kwa dawa, sehemu zilizoguswa na mwanga huyeyuka na mifereji hubaki. Siku hizi kazi nyingi hufanywa pia kwa mwali wa elektroni unaochora mstari kwa mstari, na hapo ndipo yanapopatikana maandishi madogo ambayo hayasomeki bila darubini. Bamba hilo ni laini mno kuweza kufanya kazi ya kiwandani, hivyo hupakwa fedha nyembamba na kuzamishwa kwenye beseni la maji ya nikeli yanayopitishiwa umeme, mpaka nikeli ijijenge juu yake na kunakili kila mfereji. Nakala ya kwanza huzaa nyingine, nazo huzaa nyingine, na zile za mwisho, zenye unene wa mikromita 50 hadi 100, ndizo huzungushwa kwenye silinda na kukandamiza picha katika filamu ya poliesta iliyopakwa vanishi na kupashwa moto. Kisha filamu hupakwa aluminiamu ndani ya chumba kisicho na hewa, tabaka lenye unene wa makumi ya nanomita tu. Mwenye bamba la nikeli ana kila kitu, na kwa sababu hiyo mabamba haya hufungiwa, huhesabiwa, na huharibiwa mbele ya mashahidi kazi inapokwisha.

Foili ikifika kwetu, kazi ngumu ya aina nyingine huanza. Mashine nyembamba hupitisha utepe wa karatasi au plastiki ambao upana wake kwa kawaida ni kati ya milimita 250 na 430, na uzuri wake ni kwamba yote hufanyika katika mpito mmoja: vituo vya fleksografia, yaani uchapaji wa mabamba laini yanayonyumbulika, huchapa rangi, taa za urujuanimno (UV) huukausha wino papo hapo, foili hubandikwa, kisu cha silinda hukata umbo la lebo bila kuikata karatasi ya chini inayobeba lebo, na mabaki yaliyo kati ya lebo huchunwa na kuviringishwa pembeni. Utepe mwembamba hutulia zaidi kuliko mpana, na hitilafu ya kuvutika kwake huonekana mapema. Sijaona mashine pana inayoweza kubadilishwa kutoka kazi moja hadi nyingine kwa haraka kama hizi, na lebo za usalama mara nyingi huagizwa kwa idadi ndogo.

Sasa nije kwenye jambo linaloninyima usingizi, ambalo sisi mafundi huliita rejista, yaani kuoana kwa picha ya foili na kile kilichochapwa. Foili ni poliesta, lebo huenda ikawa karatasi. Moja huvutika kwa moto, nyingine hunyonya unyevu na kupanuka. Tuseme picha kwenye foili zimepangwa kila milimita 50, na nafasi hiyo ikakosea kwa milimita 0.05 tu, kiasi ambacho jicho haliwezi kukigundua. Baada ya picha 100 kosa limekuwa milimita 5, na mashine inayokwenda mita 30 kwa dakika hupitisha picha 100 kwa sekunde 10. Kwa hiyo haitoshi kuipanga mashine vizuri asubuhi na kuiacha. Kila picha hubeba alama ndogo pembeni, kihisi huisoma alama hiyo inapopita, na mota huivuta foili au kuilegeza kidogo kabla ya picha inayofuata kufika. Kazi ikienda vyema, picha hukaa ndani ya robo ya milimita kutoka mahali pake. Mwigaji anaweza kununua foili na akanunua hata mashine, lakini robo hiyo ya milimita humlazimu awe fundi, na pale lebo inapochapwa mstari mwembamba unaoendelea bila kukatika kutoka kwenye karatasi hadi ndani ya hologramu, kosa lake huonekana hata kwa macho matupu.

Ubandikaji wenyewe una njia zake. Njia ya moto hutumia bamba la chuma lililopashwa hadi zaidi ya nyuzi 100 za Selsiasi, likayeyusha gundi kavu iliyo nyuma ya foili. Hapa nilijifunza kwa uchungu. Kuna roli nzima niliyoitoa ikiwa imefifia, kila picha kama iliyofunikwa na ukungu, nami nikailaumu foili kwa saa mbili kabla ya kukubali kwamba nilikuwa nimepandisha moto kupita kiasi, vanishi ikalainika, na mifereji ikaanza kujilaza. Moto ukipungua nao, kingo za picha hubanduka kwa ukucha. Njia baridi huchapa gundi ya majimaji kwa bamba la fleksografia, foili hukandamizwa juu yake, na mwanga wa urujuanimno huigandisha. Ni ya haraka, lakini foili hukimbia sambamba na utepe muda wote, na sehemu isiyotumika hupotea, wakati mashine za moto zinaweza kuisimamisha foili na kuirudisha nyuma. Karatasi isiyo laini huiharibu sana kazi ya njia hii ya baridi, kwa kuwa kila kishimo cha karatasi hujionyesha katika picha.

Ipo pia njia isiyotumia chuma chochote, ambayo naipenda kuliko zote: vanishi mbichi hupakwa juu ya lebo, filamu yenye mifereji hukandamizwa juu yake, mwanga hupita ndani ya filamu na kuigandisha vanishi ikiwa imeshika umbo la mifereji, kisha filamu huchunwa na kuviringishwa ili itumike tena mara kadhaa. Kinachobaki ni mng'ao uliozaliwa ndani ya vanishi yenyewe, na maandishi ya chini huendelea kusomeka.

Lebo isiyoharibika ikibanduliwa ni hatari, maana chupa tupu ya bidhaa halisi inaweza kutoa lebo kwa chupa ya bandia. Ndiyo sababu tunachapa, kwa umbo la maneno, tabaka linaloshika kwa udhaifu, ili mtu akibandua lebo, neno kama «BATILI» libaki kwenye kifurushi na picha ikatike vipande. Kisu nacho huacha mikato midogo ndani ya lebo ili ichanike. Namba za kipekee huwekwa mwishoni kabisa, kwa wino unaorushwa au kwa leza inayoichoma aluminiamu, na kila namba husomwa na kamera.

Baada ya hapo huja kuhesabu, na hapa siwezi kulegea. Lebo mbovu ina picha halisi kama lebo nzuri. Roli iliyofifia niliyoieleza ilikuwa mali ya thamani kwa mtu mwingine. Namba zilizotoka nzuri, zilizokatwa kama mbovu na zilizotumika kwenye majaribio hujumlishwa na kulinganishwa na zilizoingia, mabaki ya foili hupimwa kwa uzito, na vyote husagwa kabla ya roli inayofuata kufungwa kwenye mashine. Hesabu ikipungua lebo 3, zamu haifungwi. Tunapekua chini ya rola na ndani ya mifuko ya taka mpaka zipatikane.