Nimechagua Madison

Jibu la tatu kutoka vyuo vya sheria nilivyoomba liliingia kwa barua pepe mwezi Machi nikiwa garini, kwenye maegesho ya jengo la Whipple, Fort Snelling, hapa Minnesota. Nilikuwa nimetoka kukalimani katika mahakama ya uhamiaji. Nimekubaliwa. Sikupiga kelele za furaha. Akili yangu ilikuwa bado mle ndani, kwa yule mzee wa Fizi, mashariki mwa Kongo.

Jina lake na kesi yake si vyangu kuvieleza. Ninachoweza kusema ni kwamba hakuwa na wakili. Katika mahakama hizi serikali haikupi wakili. Ukikosa pesa unasimama peke yako mbele ya jaji. Kabla hatujaingia alinishika mkono, akaniuliza kwa Kiswahili cha kwao, "Mama, wewe njo utanisemea?" Nikamjibu, "Hapana, mzee. Mimi nageuza maneno tu." Akauachia mkono wangu polepole. Miaka minne nimekuwa nikilijibu swali hilo hivyo hivyo, na ndilo lililonisukuma kuomba nafasi ya kusomea sheria.

Kwa mlio nyumbani: Marekani husomei sheria ukitoka tu fomu foo. Unamaliza digrii nyingine kwanza, unafanya mtihani uitwao LSAT, ambao alama zake ni kuanzia 120 hadi 180, kisha unasoma miaka mitatu. Mara ya kwanza nilipata 156, nikakaa nayo moyoni wiki nzima bila kumwambia mtu. Nikarudia baada ya miezi minane ya kusoma alfajiri, kabla Mama hajarudi kutoka zamu ya usiku, nikapata 163. Alama saba hizo zilibadilisha kila kitu. Vyuo hulinda sana alama yao ya katikati, ile ambayo nusu ya darasa iko juu yake na nusu iko chini. Ukiizidi, chuo kinakutafuta kwa ufadhili. Ukiwa chini yake, hata wakikuchukua, jiandae kulipa ada yote.

Ndivyo ilivyokuwa kwangu. Chuo cha kwanza, katika jiji kubwa la mashariki, kina jina linalojulikana hadi Malindi. Hakikunipa hata dola moja, na ada peke yake inapita dola 70,000 kwa mwaka, pango na chakula kando. Cha pili, kilicho karibu na kwetu, kiliniahidi karibu ada yote. Cha tatu ni Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, ambacho kitanilipia sehemu nzuri ya ada.

Mjomba alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Malindi: "Chukua chenye jina, mwanangu. Obama alisoma Harvard." Kweli alisoma, akahitimu mwaka 1991. Ila nilimkumbusha Mjomba kwamba Harvard hiyo hiyo, pamoja na Yale, Novemba 2022 zilitangaza kuwa hazitapeleka tena takwimu zao kwa jarida la U.S. News, lile linalopanga vyuo kwa ubora. Sisemi orodha haina kazi. Anayetaka kampuni kubwa za mawakili za New York, au kuwa karani wa jaji wa mahakama ya juu, nafasi ya chuo chake itamfungulia milango, naye afanye hesabu zake hivyo. Mimi siendi huko.

Halafu kuna deni. Kuanzia tarehe 1 Julai 2026, mwanafunzi mpya wa sheria hawezi kukopa serikalini zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka. Pengo linalobaki utalijaza kwa mkopo wa benki, na benki inataka mdhamini. Mdhamini wangu angekuwa Mama, ambaye anageuza na kuogesha wazee wa watu usiku kucha, na mgongo wake umeanza kukataa. Nilipofika hapo, barua ya kwanza niliikunja nikairudisha kwenye bahasha.

Ile ya pili nusura nisaini. Nashukuru niliisoma hadi ukurasa wa mwisho: ufadhili unaendelea iwapo tu wastani wangu wa alama hautashuka chini ya 3.2. Shuleni nilizoea kwamba ukijituma unapata A. Darasa la sheria la mwaka wa kwanza si hivyo. Alama zina mgao uliopangwa, profesa hawezi kumpa kila mtu A, kwa hiyo lazima kuna watakaopata alama za chini hata kama wote wamesoma. Chama cha Mawakili cha Marekani, ABA, kinavilazimisha vyuo kutangaza ni wanafunzi wangapi walipunguziwa au kunyang'anywa ufadhili wa namna hii. Niliitafuta taarifa ya chuo hicho, nikaisoma mara mbili, nikafunga kompyuta. Tafadhali, ukipewa barua kama hiyo, itafute namba hiyo kabla hujawaambia ndugu zako kwamba unasoma bure.

Madison hawakuweka sharti la wastani. Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui: wahitimu wa vyuo viwili vya sheria vya Wisconsin, hicho na Marquette cha Milwaukee, wanaweza kusajiliwa kuwa mawakili wa jimbo hilo bila kufanya mtihani wa uwakili, wakitimiza masharti ya masomo na ya tabia. Wenzao wa majimbo mengine humaliza chuo wakajifungia tena miezi miwili au mitatu, wengi bila mshahara, kujiandaa kwa mtihani wa Julai. Na kwa kuwa uhamiaji ni sheria ya serikali kuu, wakili aliyesajiliwa jimbo lolote anaweza kumtetea mtu katika mahakama ya uhamiaji popote nchini. Leseni ya Wisconsin itaniruhusu kuingia Fort Snelling, mlango ule ule, nikae kiti cha wakili.

Ijumaa nililipa amana ya kushika nafasi. Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, bado na sare ya kazini, anavua viatu. Akauliza ni mwendo wa saa ngapi kwa gari. Nikamwambia kama saa nne.

"Malindi, Mombasa, na kurudi," akasema. Akaweka viatu chini ya kitanda. "Nitakuwa nakuja."