Kishoka, wakili wa bandia, alinilia miezi saba kabla sijampata wakili wa kweli

"Kesi ya ndoa haihitaji wakili. Simama mbele ya hakimu, eleza machungu yako, utapewa haki yako." Hayo niliambiwa na watu wengi, akiwemo shemeji yangu mmoja ambaye naamini alinitakia mema. Mwingine akanishauri nichukue watoto na nguo zangu, nyumba nimwachie mwanaume kwa sababu karatasi ya mauziano ya kiwanja ina jina lake peke yake. Ningewasikiliza, leo nyumba ya Chanika niliyoihangaikia miaka sita ingekuwa na mama mwenye nyumba mwingine.

Mimi ni fundi cherehani, Mbagala, Dar es Salaam. Tulifunga ndoa bomani mwaka 2010, tukajaliwa watoto wawili. Mwenzangu alipohamia kwa mwanamke mwingine na kuacha hata kuulizia ada za shule, nilienda baraza la usuluhishi la kata. Aliitwa mara tatu, akaja mara moja, akasema harudi. Baraza likanipa cheti kwamba usuluhishi umeshindikana. Hadi hapo mambo yalikwenda vizuri. Nilipotoka na kile cheti mkononi ndipo nilipoharibu.

Jirani na mahakama kulikuwa na kichumba cha fotokopi. Ndani kulikuwa na bwana mmoja, shati jeupe, tai, kitabu kinene cha sheria mezani, na muhuri wa mpira pembeni ya kidau cha wino. Kila aliyepita alimwamkia "shikamoo wakili." Ningemtilia shaka vipi? Akasoma cheti changu, akatikisa kichwa kwa huruma, akasema kesi kama yangu ameshinda nyingi. Nikampa laki mbili za kufungulia kesi. Wiki mbili baadaye akataka elfu hamsini ya wito. Kisha elfu thelathini ya mtu wa masijala ili faili lisilale chini. Kila nikienda naambiwa mheshimiwa yuko semina, au faili linasubiri kupangiwa hakimu. Mwezi wa sita wa kusubiri nikamjia juu, akaniandikia namba ya kesi kwenye kipande cha karatasi, na tarehe ya kutajwa.

Siku ile nilivaa kitenge changu cha sikukuu. Nilikaa kwenye benchi la korido tangu saa mbili asubuhi, kipande cha karatasi nimekikunja kiganjani mpaka kikalowa jasho. Watu wakaitwa mmoja mmoja, jina langu kimya. Saa sita nikaenda kwa karani, binti mdogo mwenye adabu. Akaingiza ile namba kwenye kompyuta, akanitazama, akairudia tena taratibu.

"Mama, hii ni kesi ya mirathi. Marehemu alikuwa nani wako?"

Nilishindwa kumjibu. Nilitafutiwa kwa jina langu, kwa jina la mume wangu, kwa mwaka. Hapakuwa na kesi yangu popote. Niliporudi kwenye kile kichumba, nikaambiwa bwana amesafiri kwenda kuzika.

Nililia siku mbili. Siku ya tatu nikaenda kwenye meza ya msaada wa kisheria. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wasaidizi hawa wapo kwa mujibu wa sheria, na asiye na uwezo anasaidiwa bure. Mimi nilisema ukweli kwamba nina cherehani tatu na vijana wawili ninaowalipa, kwa hiyo wakanipa ushauri na majina ya mawakili watatu. Dada mmoja pale akanionyesha kitu ambacho nilitamani ningekijua mwaka mzima nyuma: Mahakama ina mfumo unaoitwa e-Wakili. Unaandika jina la mtu kwenye simu, unaona kama ni wakili kweli na kama mwaka huu anaruhusiwa kufanya kazi, maana leseni yao huhuishwa kila mwaka. Nikaandika jina la bwana wa fotokopi. Halikutokea. Laki mbili na themanini, miezi saba, na jibu lingechukua dakika moja.

Wakili wa kwanza niliyemwona alikuwa wakili kweli, ofisi nzuri maeneo ya Posta. Alinisikiliza huku anapokea simu, kisha akaniambia nyumba nzima atanipatia, nisiwe na wasiwasi, nianze na milioni mbili. Hakuniuliza swali hata moja. Niliaga.

Wa pili alikuwa mwanamke wa makamo, ofisi ndogo Temeke, feni moja inapiga kelele. Nikaanza kumweleza habari za yule mwanamke mwingine, nilikuwa nazo za kutosha saa tatu nzima. Akanisikiliza kidogo, kisha akaninyooshea mkono: "Pole dada. Naomba kwanza nione cheti cha baraza." Akakishika kwenye mwanga, akasoma tarehe, akahesabu kwa vidole.

"Hiki kimekufa."

Ndipo nikajifunza kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka cheti cha baraza kinachoambatanishwa na maombi ya talaka kiwe hakijapita miezi sita tangu kitolewe. Changu kilikuwa na miezi saba na siku kadhaa. Kishoka hakuniibia pesa tu, alinilia na muda. Wakili huyu angeweza kuchukua pesa yangu, akafungua kesi, ikatupwa, akanidai nyingine. Badala yake alinirudisha barazani, siku hiyo akachukua elfu thelathini tu ya ushauri. Nilijua nimempata mtu wangu hapohapo kwenye kiti.

Barazani wazee walishangaa kuniona tena, lakini walinielewa, na cheti kipya nikakipata ndani ya mwezi na nusu. Tukaandikiana makubaliano na wakili: jumla kama milioni moja na laki mbili hivi, kwa awamu nne, ada za mahakama mbali, risiti kila ninapolipa. Dada zangu, yaandikeni hayo. Wakili anayekasirika ukimwomba risiti, mwachie kiti chake.

Sasa nyumba. Nilikuwa nimeshajazwa hofu kwamba asiye na jina kwenye karatasi hana chake. Wakili akaniambia habari za kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ya mwaka 1983, Mahakama ya Rufani. Humo ndimo iliposemwa kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe mwishoni hakuongezewa kitu, kwa kuwa mahakama iliona alishapewa pesa na mumewe, lakini mlango alioufungua sisi wengine tunaupita mpaka leo. Halafu wakili akanitazama juu ya miwani: "Lakini wewe una zaidi ya kazi za nyumbani. Ulijenga. Sasa niambie, mahakama itajuaje?"

Nilirudi nyumbani nikawaza usiku kucha. Risiti za sementi nilikuwa nazo chache, nyingine zimefutika. Alfajiri nikakumbuka kikoba. Kikundi chetu kina daftari kubwa lenye jalada jeusi, na katibu wetu ni mama mwenye mwandiko wa mwalimu. Mwanachama akikopa, katibu haandiki kiasi tu, anaandika na madhumuni. Nikaenda kwake kabla hajafungua genge. Tukapekua kurasa sakafuni, mimi na yeye, taa ya simu mdomoni. Tukaukuta: jina langu, kiasi, saini yangu, na pembeni kwa wino wa bluu, "mabati 40 geji 30, nyumba ya Chanika." Kurasa kadhaa mbele, "mbao za kenchi." Mbele zaidi, "nondo na kokoto." Mikopo mitano yote ya nyumba, na marejesho yake kila wiki, kutoka kwenye cherehani yangu. Nikaomba na taarifa ya miamala ya simu: siku mbili baada ya mkopo wa mabati, pesa ileile imekwenda kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nikamtafuta na fundi mwashi. Alikumbuka kwamba maji ya kumwagilia tofali nilikuwa nayachota mimi, na mimba ya mtoto wa pili.

Nilipomwekea wakili vitu hivyo mezani alinyamaza muda, anafungua kurasa. Kisha akasema, "Dada, umefanya kazi yangu." Sijawahi kupewa sifa iliyonikaa moyoni kama ile.

Kesi tuliifungua kwenye kituo jumuishi cha masuala ya familia pale Temeke, ikachukua kama miezi kumi. Afisa ustawi wa jamii aliongea na watoto. Wakili wa mume wangu aliponiuliza kwa dharau nilikuwa na biashara gani ya kujengea nyumba, niliomba daftari lifunguliwe ukurasa wa mabati. Katibu wetu alikuja kutoa ushahidi amevaa sare ya kikoba. Hukumu: talaka, watoto kwangu, mume achangie matunzo kila mwezi, nyumba ithaminiwe na mimi nipate asilimia 45. Yeye alichagua kuchukua thamani yake. Nilikopa, nikamlipa kidogokidogo, nikabaki na nyumba. Matunzo aliyakata mwezi wa tatu tangu hukumu. Nilitaka kwenda kumfokea kazini kwake, wakili akanikataza, akaomba utekelezaji wa amri mahakamani, na pesa zikarudi.

Siku niliyokwenda kuchukua nakala ya hukumu nilipita kwenye kile kichumba cha fotokopi. Bwana yuleyule, tai ileile. Mbele yake mama mmoja, mtoto mgongoni, anahesabu noti za elfu kumi kumi juu ya meza. Nikaingia, nikamwamkia yule mama, nikafungua simu yangu mbele yake, nikamgeukia bwana.

"Kaka, nitajie majina yako matatu kamili."

Akaanza kupanga karatasi zake. Nikamuuliza tena. Yule mama akamtazama yeye, akanitazama mimi, akakusanya noti zake akazifunga kwenye pindo la khanga.

Tukatoka wote wawili, nikampeleka kwenye meza ya msaada wa kisheria.