Akiba Inaoza

Nimerudi nyumbani baada ya miaka 19, nikiwa na miaka 56. Wanaokuja kunisalimu wananiona mtu aliyemaliza safari. Mimi usiku nahesabu.

Kabla sijaondoka nilichangia mfuko wa pensheni wa hapa miaka 7. Huko ugenini nikachangia miaka 19. Nilidhani vyote vitajumlishwa. Kumbe hujumlishwa pale tu nchi mbili zinapokuwa na mkataba wa hifadhi ya jamii. Zangu hazina, kwa hiyo kila upande unahesabu ya kwake. Ile 7 haifikii kiwango cha kulipwa kila mwezi, nitarudishiwa michango yangu kwa mkupuo, basi. Hili ningeliuliza siku ya kwanza kazini, lakini nani ana miaka 37 akauliza habari za uzee?

Tulifundishwa akiba haiozi. Inaoza. Gawanya 72 kwa asilimia ya mfumuko wa bei, utapata takriban miaka ambayo bei zitapanda maradufu. Mfumuko ukiwa asilimia 6, ni miaka 12. Kiasi kinachonitosha leo kitanunua nusu nikiwa na miaka 68, na robo nikifika 80. Ndiyo maana kuiacha hela imelala kwenye akaunti isiyo na riba ya maana ni kuitazama ikiyeyuka. Ujerumani ilipotunga sheria ya pensheni ya uzee mwaka 1889, umri wa kulipwa ulikuwa 70, na wengi hawakufika. Mimi nahofia kufika. Aibu kuliandika hili, ila ndivyo.

Mama aliniuliza, bila ubaya, "Mwanangu, hela za miaka yote hiyo ziko wapi?" Sikumjibu. Ziko mezani pale pale tulipokuwa tumekaa: ada za wadogo zangu, matibabu ya marehemu baba, paa lililokuwa juu yetu. Sijutii, ingawa kuna usiku najuta kidogo.

Juzi mdogo wangu wa mwisho, niliyemlipia ada mpaka chuo, akanivuta pembeni. "Kaka, nianze kukuwekea kiasi gani kwa mwezi?"

Nikamwambia haraka haraka hakuna haja, ana watoto wa kusomesha. Usiku nikafungua daftari, nikachora safu mpya, nikaandika jina lake juu. Chini yake bado sijaandika kitu.