Ramani ya lugha ianze na nukta, rangi baadaye

Ramani nyingi za lugha za Nyanda za Juu Kusini hupaka wilaya nzima rangi moja: Rungwe Kinyakyusa, Makete Kikinga, basi. Inasikitisha, maana rangi huficha milima. Kule Yunnan, China, Wadai hulima mpunga bondeni na Wahani wako juu yao mlimani; rangi moja ikimwonyesha huyu, inamfuta yule. Kwetu Kyela iko karibu mita 500 kutoka usawa wa bahari, na Uporoto kwa Wasafwa hupita 2,000. Kila nukta, yaani mahali ulipomrekodi msemaji, iandikiwe mwinuko wake.

Atlasi ya lahaja za Kichina ya mwaka 2008 ilikusanya data katika vituo 930, na ramani moja hushughulikia jambo moja. Chukua chai. Sehemu kubwa ya China husema *cha*, lililotufikia sisi kupitia Uajemi na India. Wasemaji wa Kimin, kundi la lahaja za pwani ya Fujian, husema *te*, na Waholanzi wakalipeleka Ulaya. Huo ni mstari mmoja tu, unaotenga wanaosema hivi na wanaosema vile. Toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, huchora mwingine, na mistari hiyo haifuatani. Pale mistari mingi inapolundikana ndipo penye mpaka wa lahaja.

Rungwe na Ileje, mstari wa kwanza uwe wa irabu: Kinyakyusa kina 7, Kindali 5. Tafuta maneno yenye ɨ na ʉ, irabu ambazo Kindali hakina. Orodha ya maneno 100 hadi 200 inatosha, kila neno litamkwe mara tatu, urekodi kwa WAV, faili la sauti lisilobanwa. Sauti za WhatsApp hubanwa, hazifai kupimia irabu. Usiulize "mkono mnauitaje?" Mkono wa Kiswahili ni kiganja hadi bega: huyu atakutajia kiganja, yule mkono mzima, nawe utadhani umekuta lugha mbili. Gusa kiungo chenyewe. Uliza pia msemaji alikulia wapi, na mama yake je, hasa kwenye kambi za mashamba ya chai ambako watu wametoka kila upande.

Tukuyu ni -9.25, 33.65 (latitudo kwanza, kisha longitudo). Ukisahau alama ya kutoa, nukta inatua Sudan Kusini. Ukigeuza namba, iko baharini magharibi ya Casablanca. Na faili la maneno lihifadhiwe kwa UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi za kila lugha, la sivyo ɨ hugeuka alama ya kuuliza na kazi ya irabu yote imepotea.