Nilivyoacha kudai hesabu, Coaster ikaanza kulipa

Kila aliyenishauri kuhusu daladala aliniambia neno lilelile: mkabidhi dereva gari, jioni pokea hesabu, yaani kile kiasi mlichopatana kwa siku, mengine usijitie. Ushauri huu umeua magari mengi Dar es Salaam kuliko mashimo ya barabarani. Hesabu ya 90,000 kwa siku inaonekana faida kwa sababu inashikika mkononi, lakini ndani yake mna tairi, oili, bima, leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) na klachi ambayo haijafa bado. Ukishavitoa vyote, haibaki tena 90,000.

Kwanza nilipima ruti. Tandika kwenda Kariakoo, kwa njia tunayopita sisi, dashibodi inasoma kilomita 7 na nusu. Coaster yangu, basi dogo la Toyota, ina injini ya dizeli ya 1HZ, na kwenye foleni lita moja inakwenda kama kilomita 5. Kwa hiyo tripu moja ya kwenda inakula lita moja na nusu. Dizeli ikiwa 2,900, hapo ni 4,350. Tairi 6 za 700R16 zinataka kama milioni 2, na zinaisha kati ya kilomita 40,000 na 50,000. Oili ni lita kama 10 pamoja na filta kila kilomita 5,000. Nikaongeza breki, bushi, springi, klachi na akiba ya kufungua injini siku itakapodai. Jumla ikawa kama 750 kwa kilomita, mafuta yakichukua karibu 580.

Gharama ya tripu ikatoka hivi: za kilomita shilingi 5,600, dereva na konda 2,500, vibali, bima, stendi na maegesho 800 na ushee. Takriban 9,000. Desemba 2023 nauli ya ruti isiyozidi kilomita 10 ilipanda kuwa 600, na kwa nauli hiyo watu wazima 15 wanailipa tripu. Kwa ile 500 ya kabla yake wangetakiwa 18. Hao watatu ndio waliokuwa wananing'inia mlangoni.

Jambo moja linaniudhi mpaka leo. EWURA, mamlaka ya nishati na maji, ikitangaza bei mpya za mafuta Jumatano ya kwanza ya mwezi, na dizeli ikapanda kwa shilingi 100, stendi nzima inataka nauli ipande kwa 100. Lita moja na nusu mara 100 ni 150 kwa tripu yote. Gawanya kwa abiria 21, hata shilingi 10 kwa kichwa haifiki. Mafuta yanauma kweli, ila tuwaambie abiria kiasi chake.

Kuhusu fedha za mlangoni, nilianza na tiketi, na zilinishinda kabisa. Nilichapisha vitabu vyenye namba mfululizo, nikamkabidhi konda kwa sahihi, nikaamini kishina hakidanganyi. Abiria wa Dar hachukui tiketi. Anatoa mia sita huku macho yako dirishani. Wachache wanaochukua wanaiangusha mlangoni wakishuka, na tiketi iliyoangushwa inauzwa tena. Nikamkalisha mtu siti ya nyuma, kutwa nzima, na daftari. Yeye alihesabu vichwa 360, wanafunzi wakiwemo. Vishina vilisema 214. Nikabadili rangi ya tiketi kila siku. Ikasaidia siku tatu, kisha konda akawa hatoi kabisa. Mwezi mzima ukaenda hivyo, na gharama ya uchapaji juu.

Lililofaulu ni kuacha kuhesabu tiketi na kuanza kuhesabu tripu na vichwa kwa sampuli. Mhesabuji yuleyule anapanda siku mbili kila mwezi, moja katikati ya wiki na nyingine Jumamosi, bila kutangaza. Wastani wake, mara idadi ya tripu, ndiyo kipimo changu. Tripu nazo hazifichiki, kwa sababu kilomita za dashibodi zigawanye kwa 7 na nusu, ondoa njia ya kwenda kulaza gari, unazo. Kama mita imekufa, itengeneze kabla ya kitu kingine chochote. Dereva analipwa 25,000 na konda 20,000 kwa siku, iwe mvua au jua, na kinachozidi 220,000 kwenye makusanyo tunagawana nusu kwa nusu. Deiwaka, yaani dereva au konda wa kushikia kwa siku, naye anaingia kwa masharti hayohayo.

Mabadiliko yalionekana kwanza kwa wanafunzi. Kwa nauli hizo mwanafunzi analipa 200, watatu wanafikia mtu mzima mmoja. Konda anayekimbizana na hesabu atawaacha kituoni, si kwa ukatili, bali kwa sababu kila siti ya denti inatoka kwenye mlo wake. Alipokuwa na uhakika wa 20,000 yake akaanza kuwapakia. Kukata ruti nako kukaisha: hakuna tena sababu ya kuwashusha watu njiani na kugeuza ili nauli ilipwe mara mbili, kosa ambalo tena lina faini.

Halafu kusubiri gari lijae. Asubuhi, saa 11 na nusu mpaka saa 3, abiria wote wako Tandika. Kariakoo hakuna wa kurudi. Madereva walikuwa wanakaa Kariakoo dakika 12 wakitafuta watu wanane, injini ikinguruma. Nikawaambia wageuze palepale, hata na watu wanne. Tulikuwa na tripu 16 kwa siku, zikafika 18, na zile mbili zilizoongezeka ni za asubuhi, ile ya kutoka Tandika gari likiwa limejaa tangu stendi. Jioni kinyume chake. Mchana sasa subirini, lakini zimeni injini.

Mafuta ndiyo yanayoibika, na ndiyo yanayokuonyesha ugonjwa wa gari. Tunajaza usiku, kituo kilekile, pampu ileile, gari likiwa limesimama upande uleule, mpaka shingoni. Dizeli ina povu. Ngoja litulie, kisha ongeza, la sivyo unakosea lita mbili. Kuna wakati tulishuka kutoka kilomita 5.2 kwa lita mpaka 4.2. Kwa kilomita 135 za siku, hizo ni lita 6, karibu 18,000. Wote walimsema dereva.

Kabla ya kumshutumu nilifanya jaribio ambalo nalipenda kuliko yote. Alfajiri, barabara ya lami iliyo tambarare na tupu, gari bila abiria. Fika nguzo ya umeme ya kwanza kwa kilomita 20 kwa saa, toa gia, acha gari litembee lenyewe. Injini isizimwe, maana breki zinaitegemea. Coaster yangu ikiwa nzima inapita nguzo ya tatu. Siku hiyo ilikufa kabla ya kufika ya pili. Kuna kitu kinaishika. Nikagusa rimu kwa kuzisogelea taratibu: nyuma kushoto ilikuwa ya moto, nyingine vuguvugu. Tukapiga jeki, gurudumu halizunguki kwa mkono. Fundi alikuwa amefunga breki shuu mpya na kuzikaza mno. Alipozilegeza tukarudi 4.8.

Zile nukta zilizobaki zilikuwa kwenye thamostati, kidude kinachoongoza joto la injini. Fundi mwingine aliitoa zamani "gari lisichemke". Injini isiyofika joto lake inachoma mafuta vibaya na inalika haraka. Gari lililokuwa linachemka lilikuwa na rejeta iliyoziba, basi. Tukasafisha rejeta, tukarudisha thamostati, na 5.2 ikarejea.

Tairi za ndani za nyuma hakuna anayezitazama. Ikipungua upepo, ya nje inabeba mzigo wa mbili, inapata joto, inapasuka, na lawama zinamwendea muuza tairi. Pima asubuhi zikiwa baridi, zote sita. Namba za tairi zangu nimezichoma kwa chuma cha moto kwenye ubavu, juujuu tu, pale penye mpira mnene karibu na sehemu inayokanyaga barabara, kwa sababu tairi mpya hubadilishana na kuukuu gereji.

Sasa tripu 18 zinaacha kama 65,000 safi kwa siku, spea na vibali vikiwa vimeshalipwa. Ile hesabu ya 90,000, ukitoa hayohayo, ilikuwa inaacha 52,000. Bahasha ya tairi haiguswi kwa jambo jingine. Mkanda wa taimingi nabadilisha kila kilomita 100,000, ukikatika pistoni zinapiga valvu, na kilomita za kubadilishia nimeziandika kwa rangi nyeupe juu ya kifuniko chake: 412,000.