Glasi ya Chardin kwenye dirisha la Kampala

Glasi moja ya maji, birika jeusi, vitunguu saumu vitatu. Kwa vitu hivyo tu mchoraji Mfaransa Jean-Siméon Chardin alichora mojawapo ya picha zake bora, mnamo 1761 hivi. Sasa iko Pittsburgh, Marekani.

Alizaliwa Paris mwaka 1699, mtoto wa seremala. Chuo cha Kifalme cha Uchoraji kilimpokea mwaka 1728 kwa picha mbili, moja ikiwa ya taa, samaki bapa wa baharini, aliyepasuliwa tumbo na kutundikwa, huku paka akikanyaga chaza. Enzi hizo kuchora vyombo na vyakula kulihesabiwa kazi ya daraja la chini. Hata hivyo, mwaka 1755 ndiye aliyekabidhiwa hazina ya chuo hicho hicho.

Anayetaka kumfuata aanze na ile glasi. Usichore glasi, chora kilicho nyuma yake. Paka ukuta wa kahawia moja kwa moja, upite hadi ndani ya glasi, kisha ongeza duara bapa la uso wa maji. Mwanga ukitoka kushoto, upande unaong'aa ndani ya maji ni wa kulia, kwa sababu maji hukusanya nuru na kuitupa ng'ambo. Hapo ndipo wengi hukosea: huweka weupe kote, na glasi inageuka plastiki. Nukta moja nzito ya nyeupe ukingoni yatosha.

Vitabu vya Ulaya husisitiza dirisha la kaskazini, kwa kuwa huko jua haliingii humo moja kwa moja na nuru hutulia. Kampala ushauri huo unafaa nusu mwaka tu. Tuko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba jua la mchana liko kaskazini, na vivuli vinakuhama mezani. Miezi hiyo tumia dirisha la kusini, kisha rudi kaskazini.

Chardin alichora polepole mno, na matunda hayasubiri. Ndizi mbivu hupata madoadoa kwa siku mbili tatu, pasheni hunyauka. Maliza matunda kwanza. Chungu, sufuria na vitunguu saumu vitakungoja.

Ukichora kwa rangi za mafuta, tabaka la kwanza liwe la rangi ya udongo wa kahawia iliyozimuliwa kwa tapentaini. Hukauka upesi. Nyeusi ya mifupa, yaani rangi itokanayo na mifupa iliyochomwa, hukawia sana kukauka, na ukiifunika mapema kwa rangi isiyo na mafuta mengi, picha itapasuka. Kila tabaka la juu lizidi mafuta lile la chini, japo kidogo.

La mwisho ni umbali. Alipochora sungura aliyewindwa, Chardin alimweka mbali makusudi, asiweze kuhesabu manyoya, abakiwe na umbo na rangi yake kwa jumla. Basi sogeza meza nyuma. Ukiona tundu la kila pasheni, bado uko karibu mno.