Shangazi Alisema Anakaa Los Angeles

Nilipopata safari ya Marekani, Septemba 2024, nilikodi chumba Hollywood. Shangazi yangu alikuwa akisema siku zote kwamba anakaa Los Angeles, nami nikajua nitamwona kila jioni. Kutoka uwanja wa ndege wa LAX nilipanda basi la FlyAway hadi Union Station, stesheni kuu iliyofunguliwa 1939, kisha treni ya chini ya ardhi. Nilipotua mizigo tu nikampigia.

"Uko wapi, mwanangu?"

"Hollywood, shangazi."

Akanyamaza kidogo. "Hollywood na Long Beach wapi na wapi, baba!"

Kumbe mtu akisema Los Angeles anaweza kuwa anasema kaunti nzima: miji 88 na watu karibu milioni 10. Long Beach ni mji unaojitegemea, kule kusini baharini. Nilimuuliza ni kilomita ngapi, akanijibu kwa dakika. Baadaye niliona wenyeji wengi wanajibu hivyo, na wana haki. Barabara ya saa tano usiku na barabara hiyohiyo saa kumi na moja jioni ni safari mbili tofauti kabisa.

Alitaka kumtuma jirani anifuate na gari. Nikakataa. Miaka kumi na sita nilikuwa sijamtia machoni, na kwa jinsi nilivyokuwa na hamu naye, nilitaka kumwendea mwenyewe. Nikamwahidi kufika saa tano na nusu.

Asubuhi yake saa nne nilikuwa kituo cha Hollywood/Vine. Dari lake limejaa magurudumu ya kuzungushia mikanda ya filamu, yamepangwa kuanzia ukuta hadi ukuta, na nilisimama nikiyatazama mpaka treni ikaingia. Nikashuka 7th Street/Metro Center, nikapanda ngazi hadi jukwaa la juu. Hapo treni mbili hutumia reli moja: A ya Long Beach na E ya Santa Monica. Iliyotangulia ndiyo niliyoingia.

Zinaachana baada ya kituo cha Pico. Mimi nilikuwa dirishani, nafurahia jua. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu aliniona nikifuata majina ya vituo kwa kidole kwenye simu, akaniuliza ninakokwenda. Nilipomwambia akatikisa kichwa polepole, akanionyesha ile herufi E juu ya mlango. Nikashuka Expo Park/USC, nikavuka, nikarudi Pico, nikaisubiri A. Simu ya shangazi haikupokelewa. Nilipiga mara tatu, na hiyo ndiyo hofu ninayoikumbuka kuliko yote ya safari ile.

A huanza kwa kujikokota, inasimama kwenye taa za barabarani pamoja na magari. Ikishavuka kituo cha Washington inapata njia yake yenyewe, inakimbia: Vernon, Slauson, Florence, Watts, Compton. Nyumba za chini, nyua za waya, maghala, tena nyumba. Nilingoja kuona mji unakwisha mwingine uanze, lakini sikuona mpaka wowote. Sehemu kubwa ya njia hiyo ilikuwa ya treni za umeme za kale, ambazo safari ya mwisho ilikuwa 1961. Reli ilirudi 1990.

Saa sita na robo ilikuwa imepita niliposhuka kituo cha 1st Street, Long Beach. Shangazi alikuwa amesimama jukwaani, ameegemea mkongojo, simu ameisahau nyumbani. Benchi lilikuwa wazi nyuma yake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba." Akanishika uso kwa mikono miwili, mkongojo ukaanguka. "Umepotelea wapi?"

Nikaokota mkongojo. Akasema nyumbani ni dakika tano tu kwa miguu. Tulitumia ishirini, maana kila baada ya hatua chache alisimama ili anitazame vizuri.